Ndege ya mafunzo ikianguka: namna ya kujiandaa, kutua na kutoka ukiwa hai

Nilikuwa na saa 19 tu za urubani siku tulipoanguka kwenye nyika ya Kajiado, upande wa Isinya. Ilikuwa Julai, asubuhi ya mawingu na ile baridi ya Nairobi inayoingia mifupani. Ndege yetu ilikuwa Cessna 172 ya zamani yenye kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa. Mimi nilikaa kiti cha kushoto, mwalimu wangu kiti cha kulia. Siku hizi ni mimi ninayekaa kulia, na kila mwanafunzi mpya mimi humweleza haya kabla hajagusa usukani. Nimeamua kuyaandika kwa sababu wengi mnaosomea urubani kwenye viwanja vya Wilson pale Nairobi, Malindi au Ukunda mnafundishwa kuruka kwa miezi, lakini kuanguka mnafundishwa kwa nusu saa.

Zoezi letu lilikuwa la kutua kwa dharura. Mwalimu anavuta throtoli, kile kitasa cheusi cha nguvu ya injini, hadi mwisho, kisha anasema injini imezima. Wewe unachagua mahali pa kutua, unapanga mzunguko wako, na mkifika futi 500 juu ya ardhi unarudisha nguvu mnapanda tena. Kabla throtoli haijavutwa, mwanafunzi anatakiwa avute kitasa cha joto la kabureta, kinachoingiza hewa ya moto ili barafu isijengeke humo. Mimi nilikitaja. "Joto la kabureta, tayari." Mdomo ulisema, mkono haukuvuta. Mwalimu akalisikia neno, hakukitazama kitasa. Tukateremka dakika tatu katika hewa yenye unyevu, injini ikinguruma polepole, barafu ikijijenga kwenye koo la kabureta. Niliposukuma throtoli ili tupande, injini ilikohoa mara mbili, ikatetemeka kama trekta bovu, ikakataa.

Watu huniuliza, barafu Kajiado? Ndiyo. Petroli ikigeuka mvuke ndani ya kabureta na hewa ikipita kwenye shingo yake nyembamba, joto hushuka ghafla, hata zaidi ya nyuzi 20. Siku ya nyuzi 17 nje, humo ndani maji yanaganda. Na hali huwa mbaya zaidi throtoli ikiwa imefungwa, yaani wakati wa kuteremka hasa.

Lakini ajali yetu haikuanza na barafu. Injini kuzima nyikani ni jambo ambalo watu hulipita salama. Ajali ilianza sekunde iliyofuata, pale mwalimu aliposhika usukani wake nami nikaendelea kuushikilia wangu. Mimi nilikuwa navuta, kwa sababu ardhi ilikuwa inakuja na mwili wangu ulitaka kuikimbia. Yeye alikuwa anasukuma, kwa sababu alijua mwendo unakwisha. King'ora cha kutuonya kuwa bawa linakaribia kuachwa na hewa kikalia. Akapaza sauti, "Niachie!" Nilimsikia vizuri kabisa. Vidole vyangu havikufunguka mpaka aliponipiga kwenye kifundo cha mkono.

Kwetu Malindi mtoto hukua akisikia kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mimi nililielewa neno hilo nikiwa futi 400 juu ya ardhi.

Kabla ya kuwasha injini, kubalianeni nani ameshika

Hili ndilo la kwanza, na nitalikalia kwa muda, maana vitabu hulipa mistari mitatu tu. Ndege ya mafunzo ina usukani mbili na pedali za watu wawili. Kila unachofanya mwenzako anaweza kukitengua bila kukusudia. Kwa hiyo msiondoke chini bila kukubaliana maneno ya kukabidhiana ndege. Katika shule nyingi maneno hayo ni ya Kiingereza, "I have control" na "You have control", kwa kuwa lugha ya redio ndiyo hiyo. Sawa. Jambo la maana ni kwamba yasemwe mara tatu: anayechukua aseme, anayeachia ajibu, anayechukua athibitishe. Na ukishajibu kwamba umeachia, mikono yako ipande juu, uiweke mapajani, mwenzako aione. Mimi huwataka wanafunzi wangu wapige mapaja yao kwa viganja kila wanapoachia. Sauti ile hunipa uhakika kuliko neno lolote.

Kisha muulize mwalimu wako maswali haya mkiwa bado mmesimama kwenye nyasi, msingoje kiti: Injini ikizima kweli, nani anarusha? Nani anaongea na mnara wa kuongozea ndege? Nani anazima mafuta na umeme? Usione haya kumuuliza. Mwalimu mzuri atafurahi. Kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hawalifikirii: ninyi mnakaa kushoto, na swichi kuu ya umeme, ile nyekundu, pamoja na ufunguo wa injini, vyote viko upande wenu. Mwalimu inabidi anyooshe mkono kukupita ili avifikie. Ndege ikiwa imepinduka, anayeweza kuvizima haraka ni wewe.

Mkubaliane pia nani anatazama nje. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ya mafunzo, Cessna 172, iligongana na ndege ya abiria aina ya Dash 8 juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ile kubwa ilirudi Wilson salama na watu wake 44. Mwalimu na mwanafunzi waliokuwa kwenye Cessna walifariki. Siku ile niliwaachisha wanafunzi wangu masomo, tukakaa tu. Sitawanyooshea kidole marehemu wala yeyote. Ninachowaambia wanafunzi ni kwamba anga ya Wilson ni nyembamba na ina shughuli nyingi, na somo lina tabia ya kuyavuta macho ya watu wawili ndani ya chumba cha rubani kwa wakati mmoja: mwalimu anaonyesha kipimo, mwanafunzi anakitazama. Macho mawili yakiingia ndani, mengine mawili yabaki nje. Liseme kwa sauti: "Natazama ndani." Mwenzako ajibu: "Niko nje."

Kiti, mkanda na mfuko

Baada ya kusogeza kiti, kitikise kwa nguvu mbele na nyuma. Viti vya Cessna hukaa kwenye reli, na pini isipoingia vizuri kwenye tundu lake, kiti huteleza nyuma ndege inapoanza kupanda. Rubani akiteleza huku ameshika usukani, anauvuta. Watu wamekufa hivyo.

Mkanda wa kiunoni uwe chini, juu ya mifupa ya nyonga, umekazwa mpaka ukusumbue kidogo. Wa begani usiuache kwa sababu ya joto. Mimi uliniachia alama nyeusi kutoka shingoni hadi kifuani kwa wiki mbili, na ninaishukuru kila siku, maana kichwa changu hakikufika kwenye dashibodi.

Vaa pamba, si nailoni, ambayo ikishika moto huyeyukia kwenye ngozi. Viatu vya kufunga. Simu iwe mfukoni, na mfuko ufungwe. Iliyo ndani ya begi nyuma ya kiti si yako tena ajali ikitokea. Maji ya kunywa beba, hata kama somo ni la saa moja. Na kabla hujapanda, hakikisha kizima moto na kisanduku cha huduma ya kwanza vipo, kisha funga macho uviguse kwa mkono ukiwa umekaa. Kama huvifikii ukiwa umefunga macho, huvijui vilipo.

Petroli umeshafundishwa: chota sampuli kutoka kila tangi, itazame dhidi ya mwanga, rangi yake ya buluu, maji yakae chini kama gololi. Sitalirefusha.

Hewa ya Wilson si hewa ya Malindi

Mimi nimezaliwa usawa wa bahari, kwa hiyo hili lilinishangaza. Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya bahari. Kwa vipimo vya kawaida vya anga, mwinuko huo ungepaswa kuwa na nyuzi 4. Mchana wa Februari kipimajoto kinasoma 27. Ukipiga hesabu, ndege inahisi kama iko futi 8,000 na zaidi, na injini yake isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Ile ya nguvu farasi 160 imebaki na kama 120. Bawa nalo linashika hewa nyepesi. Ndiyo maana tunapunguza petroli kwenye mchanganyiko kabla ya kuruka, na ndiyo maana somo la saa moja asubuhi ni salama kuliko la saa nane mchana.

Kuna mtego mwingine katika mwinuko huu. Kipima mwinuko kinahesabu kutoka baharini, hakijui ardhi iliyo chini yako. Kikisoma 7,500 juu ya Isinya, una kama futi 2,000 tu za kuchezea. Kabla ya kila zoezi mwambie mwalimu namba mbili: kipimo kinasoma ngapi, na ardhi iko ngapi.

Halafu mbele ya kila njia ya kurukia kuna nini? Pale Wilson, ukiruka kwa njia namba 14, unaingia juu ya mbuga. Ukiruka 07, mbele ni paa za nyumba. Kabla ya kusukuma throtoli sema kwa sauti utakwenda wapi injini ikizima ukiwa futi 200, na ukiwa 500. Jibu lisiwe kurudi ulikotoka. Kurudi si kugeuka nusu duara tu. Unageuka zaidi ya nyuzi 180 kisha unageuka tena kujinyoosha na njia, ukiwa huna injini na huna futi. Na kadiri unavyoilaza ndege ndivyo bawa linavyohitaji mwendo mkubwa zaidi: ukilaza nyuzi 45 mwendo wa chini wa usalama hupanda kwa karibu asilimia 19, ukilaza 60 hupanda kwa 41. Ndege nyingi zilizojaribu kurudi zilianguka kwa pua zikiwa zinageuka. Chini ya ule mwinuko ambao shule yako imeuweka, tua mbele, kushoto kidogo au kulia kidogo.

Injini ikizima

Pua chini. Kabla ya kushika kitasa chochote, kabla ya kusema neno lolote, teremsha pua mpaka mwendo wa kuelea upatikane. Kwa 172 nyingi za kabureta ni noti 65, yaani maili za baharini kwa saa, kwa Cessna 152 ni 60, kwa 172S mpya ni 68. Kitabu cha ndege yako ndicho kinachosema, si mimi. Mwili wako utapinga. Utakuambia uvute. Mwendo ndio unaokushikilia hewani, na ndege yenye mwendo inaruka hata kama injini imekufa. Cessna ikiwa na mwendo huo hukupa takriban kilomita 2.7 kwa kila futi 1,000, bila upepo. Hiyo ni nafasi kubwa kuliko unavyodhani.

Pili, nani ameshika? Lisemwe. Kama ni mwalimu, piga mapaja yako na uwe masikio na mikono yake: soma orodha, ita mwendo. "Sitini na tano. Sitini na tano. Sitini, sitini!" Mwanafunzi anayeita mwendo kwa sauti tulivu anaokoa maisha mawili.

Tatu, chagua mahali. Nyika ya Kajiado ukiwa juu inaonekana kama mkeka. Si mkeka. Kuna vichuguu vya mchwa vigumu kama saruji, mashimo ya ngiri, makorongo, nyaya za umeme. Nyaya huzioni, tafuta nguzo. Tazama moshi na vumbi ujue upepo unatoka wapi, utue ukiukabili. Ukigusa ardhi kwa noti 55 upepo wa noti 10 ukiwa mgongoni, unaenda 65 juu ya ardhi. Ukiwa usoni, unaenda 45. Nguvu ya mgongano inapishana zaidi ya mara mbili.

Nne, kama futi zinaruhusu, jaribu kuiamsha: joto la kabureta livutwe, mafuta yatoke matangi yote mawili, kitasa chekundu cha mchanganyiko kisukumwe ndani, ufunguo uwe kwenye alama ya BOTH, yaani sumaku zote mbili zinazotoa cheche za injini. Gusa kila kitu kwa mkono wako unapokitaja. Mdomo usitangulie mkono. Hili ninalisema kwa uchungu.

Tano, redio. Mayday, neno la kuomba msaada, mara tatu, jina la ndege, mahali, watu wangapi. Transponda, kile chombo kinachoitambulisha ndege kwenye rada, iwekwe namba ya dharura 7700. Kama mko chini sana, acheni redio, rusheni ndege.

Mkishajua injini haiamki, geuzeni nia: sasa mnazuia moto. Mchanganyiko uvutwe nje, mafuta yafungwe, ufunguo uzimwe. Flapsi, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyokuwezesha kutua polepole, kwanza, ndipo swichi kuu, kwa sababu flapsi za Cessna zinashushwa na umeme na ukiwahi kuzima hazitashuka. Kisha fungua milango, iache wazi kidogo. Fremu ya ndege ikipinda, mlango uliofungwa hugeuka ukuta. Sisi hatukufungua. Tulikuwa na sekunde zisizozidi 40 na tuliziharibu kumi za kwanza tukigombania usukani.

Wakati wa kugusa ardhi kumbuka hesabu moja iliyonipa matumaini kuliko mahubiri yoyote. Ndege inayokwenda kilomita 80 kwa saa, ikisimama kwa mfululizo ndani ya mita 3 tu, inamtia mtu mzigo wa karibu mara tisa ya uzito wake, na aliyefungwa mkanda vizuri huweza kuustahimili. Kwa kilomita 160 kwa saa unahitaji zaidi ya mita 11. Kwa hiyo gusa polepole kadiri unavyoweza, lakini ukiwa unarusha. Usiiangushe ndege kwa pua ili uwahi kufika. Kama kuna miti, pitisha chumba katikati, mabawa yabebe kipigo. Ndege inaweza kuharibika yote, chumba kikabaki.

Mwalimu wangu aligusa vizuri. Tulikimbia kwenye nyasi kama mita 40, nikaanza kusema alhamdulillahi, gurudumu la pua likaingia kwenye shimo la ngiri.

Ukijikuta kichwa chini

Ukimya wake sijausahau. Ndani ya ukimya huo kulikuwa na mlio mwembamba, kama mbu mkubwa: jairo, vile vigurudumu vya ndani ya vipimo, zilizokuwa bado zinazunguka. Penseli yangu ilikuwa imelala kwenye dari. Dari ilikuwa sakafu. Damu yote ilinijaa usoni, na karibu na sikio langu la kushoto kitu kilikuwa kinadondoka tone, tone, tone. Petroli. Cessna ikipinduka, matangi yaliyo kwenye mabawa huanza kuvuja kupitia matundu yake ya hewa.

Mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye kifungo cha mkanda. Mwalimu, damu ikimtoka kwenye paji la uso, akasema bila kupaza sauti, "Usifungue. Swichi kwanza. Kisha mkono kwenye paa."

Huo ndio mpangilio, uukariri. Kwanza swichi kuu na ufunguo, kama bado havijazimwa, kwa sababu cheche moja inatosha. Pili vua hedfoni, waya wake usikunyonge. Tatu kanyaga kwa miguu chini ya dashibodi, tia kiganja kimoja kwenye dari, ukaze mkono, ndipo ufungue mkanda kwa mkono wa pili. Ukifungua bila kujishikilia utaangukia shingo, na wapo waliotoka salama kwenye ajali wakaumia shingo kwa kujifungua mkanda. Nne, mlango. Wangu uligoma. Wa mwalimu ulifunguka kwa teke la tatu. Jua mapema mlango wa pili na dirisha lako vinafunguliwaje, na katika 172 usisahau kilango cha mizigo kule nyuma.

Kama mwenzako amezirai na hakuna moto wala petroli, usimvute. Shika kichwa chake kisitikisike, ongea naye, ngoja msaada. Kama kuna moto, mvute vyovyote vile.

Nje

Ondokeni kuelekea upepo unakotoka, hatua mia moja au zaidi, mkae pamoja. Sisi tulikuwa hatujakaa vizuri, wachungaji wawili wakawa wameshafika, mzee mmoja na kijana wake, mbuzi wakifuata nyuma. Mzee alinivika shuka yake mabegani. "Pole sana, binti yangu. Kaa chini, usisimame." Nilikuwa natetemeka na sikuwa nimejua. Dakika kumi baadaye watu walikuwa wengi, pikipiki tatu, na bwana mmoja alikuwa anatembea kuelekea kwenye ndege na sigara mdomoni. Hapo ndipo nilipata sauti. Kwa hiyo jambo lako la kwanza kwa umati ni hili: hakuna sigara, hakuna pikipiki karibu, hakuna kugusa. Mpe kazi hiyo mzee mmoja anayeheshimika, waambie wote kwamba yeye ndiye msimamizi. Itashika kuliko ukisema wewe.

Ndege ina kisambaza ishara cha dharura kinachoita setilaiti kwa masafa ya 406 MHz. Kinatakiwa kujiwasha chenyewe kwa kishindo, lakini ndege ikipinduka antena yaweza kuvunjika au kulaliwa. Kama ni salama kukifikia, kiwashe kwa mkono. Kisha simu: shule, na 999 au 112. Sema mahali kwa alama ambazo mtu wa pale anazijua, kisima, shule ya msingi, barabara ya Namanga iko upande gani. Mpe mchungaji simu aeleze njia. Nyumbani piga mapema pia, hata kwa maneno manne: "Nimeanguka, niko hai." Mama yangu aliiona picha ya ndege kwenye simu ya jirani kabla sijampigia. Sitaki mama mwingine apate habari hivyo.

Mkiangukia ndani ya mbuga, msitembee kutafuta msaada. Kuna simba na nyati. Kaeni pale ambapo moto hauwafikii, lakini ndege iko karibu, kwa sababu watafutaji wanaitafuta ndege.

Hospitali nendeni wote wawili, hata anayejiona mzima. Mimi niliruhusiwa saa tisa alasiri, saa nne usiku nikaanza kutapika na kichwa kunipasuka, nikarudishwa. Usiku wa kwanza usilale peke yako. Mwombe mtu akuamshe, akuulize jina lako na siku ya leo.

Wachunguzi watakapokuja

Mabaki yasisogezwe isipokuwa kwa ajili ya kumwokoa mtu au kuzima moto. Kenya kuna idara ya serikali ya uchunguzi wa ajali za ndege, AAID, na inafuata Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ambacho kinasema wazi kwamba lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa. Siku ile ile, kabla hujalala, andika kila unachokumbuka, peke yako, kabla ya kuongea sana na mwenzako. Kumbukumbu za watu wawili zikikaa meza moja huanza kufanana. Usiweke picha wala maelezo mtandaoni.

Wachunguzi walikikuta kitasa cha joto la kabureta kimesukumwa ndani. Waliniuliza. Nilijua kwamba nikisema nilikivuta, ningeweza kudai kilirudi wakati wa kishindo. Nilisema, "Nilikitaja, sikukivuta." Mchunguzi aliandika, akanishukuru, akaendelea na swali lililofuata. Mwalimu wangu naye alisema hakukitazama. Hakuna aliyefukuzwa. Shule ilibadilisha utaratibu wake: sasa mwalimu hakivuti kitasa cheusi mpaka amekiona cha joto kimetoka.

Kuhusu bima, uliza kabla ya somo la kwanza kama bima ya shule inagharamia matibabu ya mwanafunzi. Nyingi zinalinda ndege na watu wa nje, si wewe.

Kurudi angani

Daktari wa marubani lazima akupitishe kwanza. Usimfiche usingizi mbaya. Mimi kwa wiki tatu nilikuwa nasikia lile tone, tone usiku, na niliona mshauri mara tano kabla halijaniacha. Mwambie mwalimu atakayekurusha mara ya kwanza ukweli wote, na mpangane kwamba ukisema "chukua" anachukua bila kuuliza. Safari ya kwanza iwe fupi, mzunguko mmoja au miwili tu.

Mimi niliruka tena baada ya wiki sita, na mwalimu mwingine. Safari ya nne ndiyo niliyoomba turudie zoezi lile lile, juu ya nyika ile ile. Nilitaja kitasa. Nikakishika, nikakivuta hadi kikagota. Nikasema, "Nimevuta," na yeye akainama mbele, akakitazama kwa macho yake, akasema, "Nimekiona." Ndipo akavuta throtoli.